Habari za Baba

Kijichi, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Shoga yangu,

Juzi uliponiuliza habari za Baba nilikata simu haraka. Usinune. Alikuwa kitandani pale pale, na masikio yake hayana kasoro.

Umesikia ana saratani mpya, ya utumbo. Si mpya. Ni ile ile ya koo.

Unakumbuka mwaka juzi walivyoliondoa zoloto, lile sanduku la sauti, kisha mionzi 35 pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, wiki saba, Jumatatu hadi Ijumaa. Tangu hapo anapumulia tundu la shingoni na kuzungumza kwa daftari. Tuliambiwa tuichunge shingo, maana ugonjwa huu ukirudi hupenda tezi za hapo, na ukisafiri mbali huenda mapafuni kwanza. Basi kila asubuhi nikishamsafisha tundu, napitisha vidole chini ya taya, nashuka mpaka kwenye mtulinga, natafuta punje. Punje hakuna, nafurahi. Kumbe mimi napapasa shingo, mwenzangu yuko tumboni.

Yalianza maumivu baada ya kula. Yanakuja, yanamkunja, yanaachia. Zahanati moja ikatupa dawa za vidonda vya tumbo, miezi miwili. Tundu la shingoni waliliona, hawakuuliza, nasi hatukusema kitu: koo ni koo, tumbo ni tumbo. Choo kikawa cheusi kama lami, damu ikashuka mpaka 5. Kamera ikapitishwa mdomoni, safi. Ikapitishwa njia ya chini, safi. Ndipo nilipojua kwamba utumbo mwembamba una mita kama 6, na kamera hizo mbili hazifiki katikati yake.

Usiku mmoja akatapika nyongo ya kijani, tumbo limekaza kama ngoma, hata upepo hautoki. Picha ya CT ikaonyesha utumbo umeziba. Wakampasua usiku ule ule, wakatoa kipande kilichoziba, wakaunga ncha mbili. Majibu ya maabara yakaja: chembe bapa, aina ile ile iliyotoka kooni. Saratani inayoanzia utumboni kwenyewe kwa kawaida haiwi ya chembe hizo.

Shangazi kashikilia kwamba aliumeza uvimbe na chakula. Nilimuuliza daktari, kwa sababu hata mimi, kusema kweli, niliona ina mantiki. Akasema la, chembe husafiri kwenye damu. Utumbo mwembamba ni nadra kufikiwa na saratani ya koo. Saratani ya ngozi iitwayo melanoma, au ya mapafu, ndiyo huonekana zaidi huko. Nadra, lakini imetukuta.

Nakuandikia yote haya kwa ajili ya mama mkwe wako, naye wa koo kama Baba. Tumbo likimsumbua, au akiwa mweupe viganjani, mkiingia tu kwa daktari anzeni na habari ya koo lake. Msingoje kuulizwa.

Sasa wanataka Baba aanze dripu ya dawa za saratani kidonda kikikauka. Hawakutuficha: si ya kuumaliza, ni ya kuupunguza mwendo. Baba aliwasikiliza, akavuta daftari, akaandika: "Juu mmekata, chini mmekata. Katikati niachieni." Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilitoka nje kidogo.

Leo amekunywa uji wa mchele nusu kikombe, kijiko kimoja kimoja, na funda la maji kila baada ya kijiko kwa kuwa mate yaliisha na mionzi. Haukurudi. Jioni ametoa upepo, na nyumba nzima tumepiga vigelegele. Majirani sijui wamefikiri tunaoza binti.

Ukija Ijumaa usimletee matunda, bado hajaruhusiwa. Mletee daftari, la kurasa nyingi. Hili amelijaza mabishano ya Simba na Yanga na yule kijana wa kitanda cha pili hospitalini, na sasa anaandika pembeni pembeni.

Wako,
shoga yako wa Kijichi