Wananchi hawana kosa, mfumo ndio unaotufungia mlango

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kuliandikia, lakini ile habari ya juma lililopita, iliyodai kwamba maombi ya leseni yanakwama kwa sababu wananchi hawaujui mfumo wa kuomba mtandaoni, imenikera mno.

Mwezi uliopita nilimjazia binti yangu maombi ya leseni ya duka. Nilikaa dakika ishirini na kitu kwenye ukurasa mmoja, nikinakili tarakimu kutoka kwenye mkataba wa pango, na nilipobofya “Endelea” nikaambiwa muda umekwisha, niingie upya. Yote niliyoandika yakawa yamefutika. Kijana wa steshenari ya mtaani kwetu alinieleza kwamba seva, yaani kompyuta inayoendesha mfumo, haioni mtu anapoandika, bali huhesabu muda tangu ilipopokea ombi la mwisho, hivyo kwake anayeandika kwa bidii na aliyekwenda kulala ni mmoja. Kesho yake nikajaza upya, nikafika kwenye malipo, nikabofya, kimya. Nikabofya mara nne. Kumbe dirisha lenye namba ya malipo lilizuiwa na kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, na dalili pekee ilikuwa alama ndogo pembeni mwa anwani ya tovuti. Nikiwa bado naitafuta, muda ukaisha tena!

Nilipopiga simu ya huduma kwa wateja, nilishauriwa nizime kabisa kinga ya madirisha ibukizi, yale yanayochomoza juu ya ukurasa. Huo ni ushauri wa hatari, kwa sababu kinga hiyo hutuepusha na matangazo ya matapeli, na ruhusa ingetosha kutolewa kwa tovuti hiyo moja. Isitoshe, kivinjari hakizuii dirisha linalofunguka papo hapo mtu anapobofya. La kwao husubiri kwanza jibu la seva, na seva ikichelewa, linazuiwa.

Sipingi mfumo kujifunga, maana ukurasa ulioachwa wazi steshenari ni hatari. Ila mwongozo wa kimataifa wa WCAG, unaohusu tovuti kutumika na watu wote wakiwamo wenye ulemavu, unataja njia mojawapo: mtumiaji aonywe kabla ya muda kuisha, apewe angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa tendo rahisi, na aweze kufanya hivyo angalau mara 10. Wafanye hivyo, wahifadhi rasimu kila baada ya dakika moja, na namba ya malipo waionyeshe kwenye ukurasa uleule. Mimi niliipata siku ya nne, saa tano usiku, kwa simu ya jirani.

Mwalimu mstaafu,
Tanga