Wifi, usisubiri kliniki

Wifi yangu mpenzi,

Ulisema vidonge vya foliki asidi (vitamini ya B9) utaanza kuvimeza ukishakosa siku zako na kuandikishwa kliniki. Nakujibu hadharani kwa sababu wengi wamepanga hivyohivyo, na mpango huo unachelewa. Kazi inayohitaji foliki asidi kuliko zote humalizika siku ya 28 tangu mimba itunge. Mwanamke aliyekosa siku zake leo, kiinitete chake (mtoto anayeanza kuumbika) kina siku kama 14. Akivuta wiki mbili ajiridhishe, apime mkojo, ndipo aende kliniki, mrija wa neva wa mtoto, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, umeshafunga, au umeshashindwa kufunga.

Usichanganywe na hesabu ya kliniki. Wao huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wiki mbili hivi kabla mimba haijatunga. Ukiambiwa una wiki 6, kiinitete kina wiki 4. Humu nahesabu siku za kiinitete chenyewe.

Mayai yako yote uliyapata ukiwa tumboni mwa mama yako. Kufikia mwezi wa tano wa ujauzito ule, ovari zako zilikuwa na mayai machanga milioni 6 hadi 7. Ulizaliwa na milioni 1 hadi 2, na ulipovunja ungo yalibaki laki 3 hadi 4. Kila yai lilianza kugawa kromosomu zake 46 (nyuzi zinazobeba urithi) ili zibaki 23, likaishia njiani, na linaendelea kusubiri hapo mpaka mwezi wake ufike. Ndiyo maana umri una uzito. Kinachoshikilia kromosomu pamoja hulegea kadiri miaka inavyokwenda, mgawanyo ukaenda mrama, na yai likabaki na kromosomu moja ya ziada au pungufu. Ikizidi kromosomu namba 21, mtoto huwa na hali ya Down: kwa mama wa miaka 25 ni karibu mtoto 1 kati ya 1,250, kwa wa miaka 40 karibu 1 kati ya 100. Mimba nyingi zenye kasoro za kromosomu hutoka zenyewe mapema, na mama huambiwa alibeba ndoo nzito. Ndoo haina kosa hapo.

Kaka yangu naye ana sehemu yake. Mbegu za kiume hutengenezwa kila siku, lakini kila moja huchukua siku 70 hivi, kisha wiki moja au mbili za kukomaa. Korodani hutaka joto pungufu ya la mwili kwa nyuzi 2 hadi 4, kwa hiyo homa kali ya leo huweza kupunguza mbegu za miezi miwili ijayo. Kama bado anavuta sigara, aache miezi mitatu kabla.

Yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu huweza kusubiri hadi siku 5 ndani ya mirija ya uzazi, kwa hiyo siku mbili tatu kabla ya yai kutoka ndizo za kutegemea. Mbegu moja ikiingia, ganda la yai hubadilika na kuzifungia nyingine nje. Siku ya 3 kuna seli 8 hivi. Siku ya 5 kuna kifuko chenye maji, blastosisti: seli za ukingoni zitakuwa kondo la nyuma, na kibonge kidogo cha ndani ndicho mtoto. Siku ya 6 au 7 huanza kujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba. Mirija yenye makovu ya klamidia au kisonono huweza kumzuia njiani, akajishikiza humohumo. Maumivu ya upande mmoja chini ya tumbo, kizunguzungu na damu kidogo katika mimba changa: hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kesho.

Wiki ya pili mtoto ni sahani ya tabaka mbili za seli. Kisha, kama siku ya 15, mstari hujichora upande wa mgongoni, na seli za tabaka la juu huanza kutumbukia ndani yake na kusambaa chini. Zinazofika chini kabisa ni endodemu: utando wa utumbo na wa mapafu, ini, kongosho. Zinazobaki katikati ni mesodemu: moyo, damu, mifupa, misuli, figo. Zisizotumbukia ni ektodemu, na hapa wengi hushangaa: ngozi ya nje na ubongo ni ndugu wa tabaka moja. Mstari ule hupaswa kufutika wiki ya nne. Mabaki yake ndiyo husababisha uvimbe unaoonekana kwenye kifandugu cha mtoto mchanga, mara nyingine una nywele au meno ndani. Hakuna mtu aliyemroga. Ni seli zilizobakiza uwezo wa kuwa chochote, na uvimbe huo hutolewa mapema pamoja na kifandugu.

Kuanzia siku ya 18 hivi, ektodemu ya katikati hunenepa, kingo zake zikainuka na kukunjana kama mkeka mpaka zikutane na kuwa ule mrija wa neva. Hushikana kwanza karibu na shingo, siku ya 22, kisha kufunga kuelekea juu na chini kama zipu. Kichwani hufunga karibu siku ya 25, mgongoni siku ya 27 au 28. Juu pasipofunga, ubongo haukamiliki na mtoto haishi. Chini pasipofunga, huo ndio mgongo wazi: miguu dhaifu, mkojo usiozuilika, na mara nyingi maji hujaa kichwani kikawa kikubwa. Upasuaji huziba kidonda na kupunguza maji, lakini neva zilizokwisha haribika hazirudi.

Seli zinazogawanyika kwa kasi hiyo hunakili DNA usiku na mchana, na kunakili kunahitaji foleti, vitamini ambayo foliki asidi ni aina yake ya vidonge. Jaribio kubwa la Uingereza lililotangazwa mwaka 1991, kwa wanawake waliokwisha kupata mtoto mwenye tatizo la mrija wa neva, lilionyesha foliki asidi ikipunguza kujirudia kwake kwa asilimia 72.

Kwako wewe ni mikrogramu 400 kila siku, yaani miligramu 0.4, kuanzia mnapoacha uzazi wa mpango, angalau mwezi mmoja kabla, mpaka wiki ya 12 ya kliniki. Mchicha na maharage pia vina foleti, ila mboga ikichemshwa sana na maji yake kumwagwa, foleti huenda na maji. Unga wa kusaga mashine ya mtaani kwa kawaida haujaongezwa virutubishi; ukinunua wa dukani, soma mfuko.

Duka la dawa wakikupa kidonge cha miligramu 5, rudisha. Hicho ni cha aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, au anayetumia dawa za kifafa kama valproate, na kwa maagizo ya daktari. Kipimo hicho pia hudhoofisha SP utakayopewa kliniki kuzuia malaria kuanzia miezi mitatu ya kati, miligramu 0.4 haina shida nayo. Na kabla ya yote pima sukari, maana sukari iliyopanda katika wiki hizi nne huweza kuharibu moyo na mgongo wa mtoto hata kama vidonge umemeza vyote.