Mwanangu, nimekuandikia kutoka Üsküdar

Mwanangu kipenzi,

Shikamoo yako ya asubuhi niliipata, marahaba. Nilisema ntakupigia jioni ila mtandao wa hapa unakatakata, halafu haya ninayotaka kukwambia kwenye simu yatanishinda, acha niandike.

Leo mamdogo wako kaamkia Laleli kwenye maduka ya nguo za jumla, si unajua ndo kazi iliyomleta huku Istanbul. Jana nilimfuata siku nzima mpaka magoti yakauma, leo nikamwambia nenda tu mdogo wangu, mi nataka kutembea. Akaniuliza unaenda wapi, nikamwambia popote. Yaani mwanangu, nna miaka 58 na sikumbuki siku niliyotoka ndani bila kuwa na kitu ninachokifuata, kama sio soko basi hospitali, kama sio hospitali basi msiba au shule yenu.

Nikapanda tramu nikashuka Eminönü, pale baharini. Kuna msikiti mkubwa wanauita Msikiti Mpya, na huo upya wake ni wa tangu miaka ya 1660! Ubavuni kuna soko la viungo walilolijenga wakati huohuo, kodi za maduka zikawa ni wakfu wa kuutunza msikiti. Nikaingia sokoni bila nia ya kununua, nikatembea nikapita malundo ya pilipili na majani ya chai na lokumu, zile peremende zao laini, za kila rangi, mara pua ikanivuta. Karafuu! Gunia liko wazi, midomo imekunjwa juu. Nikainama nikachota kiganjani nikanusa, na pale pale nikawa Pemba uwanjani kwa bibi yako, majamvi yametandikwa, watoto tumekaa tunachambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, mpaka vidole vinakuwa vyeusi na harufu haitoki hata ukioga na sabuni. Kijana muuzaji akaniambia "karanfil", mi nikamwambia karafuu, akarudia karafuu, nikarudia karanfil, tukabaki tunatazamana tunacheka. Maneno mengi tunaingiliana nao, dakika wanaita dakika, chai ni chai, sabuni ni sabun. Na ukiingia dukani wanakusalimia "merhaba", mara ya kwanza nilishangaa maana kwetu marahaba inasubiri shikamoo kwanza, ila sasa nimezoea, naipokea kama baraka.

Nilinunua robo kilo. Najua Pemba zipo, ila hizi nataka ziwe zangu za leo.

Nikatoka nikapanda daraja la Galata. Pale wavuvi wamejipanga bega kwa bega, mishipi imening'inia majini, kila mtu na ndoo yake ya visamaki vidogo vidogo. Kuna mzee alikuwa na ndoo haina hata samaki mmoja ila katulia tu, kawasha sigara yake, macho kwenye maji. Nilisimama karibu yake labda nusu saa, hakuna aliyeniambia sogea.

Sasa hapo ndo nikataka kuvuka kwenda Kadıköy, upande wa Asia, maana huu mji bahari imeupasua kati, huku Ulaya kule Asia na watu wanavuka asubuhi na jioni kama sisi tunavyokwenda Kigamboni. Kumbe vituo vya boti viko vingi na nikaingia kisicho changu, nimeshakaa ndo nasikia tunaenda Üsküdar, nako ni upande huohuo wa Asia. Siku nyingine ningehangaika nikaanza kuuliza watu namna ya kurudi. Leo nikasema haya, twende Üsküdar.

Kwenye boti yupo mtu anapita na sinia la chai, bilauri ndogo imebanwa kiuno haina mkono, unaishika kwa juu mdomoni maana chini inaunguza, haina maziwa, pembeni vidonge viwili vya sukari. Nikanunua na simit, ule mkate wao wa duara wenye ufuta. Shakwe wanaifuata boti, wanaruka usawa wa macho yako kabisa, watu wanawarushia vipande na wao wanadaka hewani. Mbele yangu kulikuwa na katoto ka miaka sita hivi, kamepanda kwenye benchi kanarusha mkate, mama yake kakashika koti kwa nyuma. Boti ikafunga gati, watu wakashuka, kale katoto bado kanataka kurusha, na yule mama akasubiri. Akasubiri tu mpaka mkate ukaisha.

Mwanangu, hapo machozi yalinitoka. Nilikuona wewe kwenye pantoni, uko darasa la pili, umeshika vile vyuma vya pembeni unaangalia meli inaingia bandarini, unaniuliza mama ile inatoka wapi, na mimi nakuvuta mkono nakwambia twende, twende, ntakwambia tukifika. Tukifika pale Feri nawahi daladala. Kila siku ulikuwa unauliza na kila siku nilisema ntakwambia, na sikuwahi kukwambia, mpaka ukaacha kuuliza. Ni kweli nilikuwa nachelewa kazini, na baba yako alikuwa mgonjwa, lakini dakika mbili nilikuwa nazo.

Nikaswali adhuhuri kwenye msikiti ulio hapo hapo karibu na gati, halafu nikafuata pwani kwa miguu mpaka Salacak. Watu wamekaa kwenye ngazi juu ya mikeka, mbele yenu kuna mnara mdogo mweupe kwenye kijisiwa, wanauita Mnara wa Binti, na nyuma yake zinapita meli kubwa kweli kweli za mizigo, nyingine zinatoka Bahari Nyeusi nyingine zinakwenda. Paka mmoja akaja akalala kwenye pindo la baibui langu. Nikaagiza chai nyingine, nikakaa nazitazama zile meli mpaka alasiri ikaadhiniwa, msikiti mmoja unaanza na mwingine unapokea ng'ambo ya maji. Kila meli iliyopita nilijiuliza inatoka wapi, kama ulivyokuwa unafanya.

Mamdogo wako kanipigia mara tatu, nimemwambia niko salama, narudi na boti.

Disemba ukifunga chuo ukaja Dar, usipange kitu Jumapili ya kwanza. Twende Feri, tupande pantoni, twende turudi, twende turudi, mpaka wewe mwenyewe useme basi mama.

Mama yako