Mvinyo wa Burgundy upozwe kwanza, jagi baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wahudumu wa hoteli za Mtwara na Mikindani wanaouza mvinyo mwekundu wa Burgundy, Ufaransa. Mhudumu akiona chupa ni changa, ya miaka miwili hadi mitano, huimimina yote kwenye jagi la kioo na kuliacha mezani saa nzima ili mvinyo "upumue". Utaratibu huo ni wa nchi za baridi, ambako chumba kina nyuzi joto 18. Chumba chetu mwezi wa Desemba kina 29 au 30, na jagi lenye kitako kipana hupata joto upesi kuliko chupa. Mvinyo ukipita nyuzi 20, kilevi chake, asilimia 13 hivi, ndicho kinachotangulia puani, na harufu ya matunda inazama chini yake.

Hasara hiyo ni kubwa kwa Burgundy kuliko kwa mvinyo mwingine. Zabibu yake, Pinot Noir, ina ganda jembamba, kwa hiyo rangi yake ni nyepesi na ukakasi wake ni mdogo. Mali yake iko kwenye harufu. (Ukakasi ninaousema ni uleule wa bibo, unaokausha ulimi na kukwaruza koo.)

Kwa hiyo poza kwanza. Ndoo yenye nusu barafu nusu maji huishusha chupa hadi nyuzi 15 kwa dakika 12 hadi 15. Barafu tupu bila maji huchelewa, kwa sababu haiigusi chupa pande zote. Kwenye friji weka saa moja na nusu. Usishuke chini ya 12, maana baridi kali huficha harufu na kuzidisha ukakasi.

Kisha zibua, mimina kidogo kwenye glasi, kama vijiko vitatu vya chakula, unuse kabla ya kuitikisa, uitikise, unuse tena, ndipo uonje. Hapo ndipo jagi linapoamuliwa. Ukisikia harufu ya njiti ya kiberiti iliyotoka kuwashwa, au yai viza kwa mbali, hiyo ni salfa ya mvinyo uliokosa hewa, na mara nyingi jagi huiondoa. Ulimi ukichomwachomwa kama na soda iliyoanza kuisha gesi, ni hewa ya ukaa iliyobaki kwenye mvinyo mchanga. Mimina kwa nguvu, itoke. Mvinyo ukiwa umejifunga tu, hauna harufu mbaya wala nzuri, dakika 20 hadi 30 zinatosha. Onja kila baada ya dakika 10. Ukiwa tayari una harufu nzuri, uache kwenye chupa. Burgundy za kawaida, zisizo na jina la kijiji kama Pommard au Gevrey-Chambertin, aghalabu hazihitaji jagi kabisa.

Jagi lenyewe lisuuze kwa maji ya baridi, ulikung'ute vizuri, kisha lisimamishe kwenye beseni la maji yenye vipande vichache vya barafu. Acha glasi moja ya mvinyo uliotoka moja kwa moja kwenye chupa, mteja alinganishe mwenyewe. Mimina kidogo kidogo kwenye glasi, kwani kwa joto letu glasi iliyojaa haichukui muda kuharibika.

Yapo ambayo jagi haliponyi, na hapa wateja huonewa. Harufu ya boksi lililoloa au kitambaa chenye ukungu inatokana na kizibo: chupa irudishwe, ibadilishwe. Siki haiondoki, huzidi. Mvinyo unaonuka jemu au zabibu kavu, na kizibo kimesukumwa juu kidogo, umepikwa na jua njiani au stoo; huo haufai kuuzwa kwa bei ya Burgundy. Ukakasi nao hauishi kwa nusu saa ya hewa. Kinachoupunguza kinywani ni chakula chenye mafuta na protini, kama kuku wa kukaanga.

Neno la mwisho ni usafi. Jagi lisioshwe kwa sabuni yenye manukato, kwa sababu harufu yake hubaki kwenye kioo na kuufunika mvinyo mwepesi kama huu. Maji ya moto matupu yanatosha, kisha ligeuzwe kichwa chini likauke, lisifutwe ndani kwa kitambaa cha jikoni.

Mpenzi wa mvinyo,
Shangani, Mtwara