Daraja la meno la kauri limemeguka? Soma hapa kabla hujasema umeibiwa

"Mlisema kauri ni ngumu, mbona imemeguka?" Swali hili linatufikia kliniki kwetu Mwanjelwa kila mara, na juzi mteja mmoja alitamka wazi kwamba tumemla hela.

Daraja, yaani meno bandia yaliyounganishwa, la kauri tupu juu ya vipandikizi (mizizi bandia inayowekwa kwenye mfupa wa taya) mara nyingi lina tabaka mbili. Kiini ni zirkonia, kauri ngumu sana, iliyochomwa kwenye tanuri kwa nyuzi joto zipatazo 1,500 za Selsiasi; hiyo ni nadra kuvunjika. Juu yake hupakwa porseleni ya kuleta rangi na mng'ao, na mara nyingi kinachomeguka ni hiyo. Jino la asili lina nyuzi laini kuzunguka mzizi zinazokushtua ukiuma kitu kigumu. Kipandikizi cha titani kimeshikana na mfupa moja kwa moja, kwa hiyo unauma kwa nguvu bila kujijua. Ndiyo maana kwa magego tunashauri zirkonia nzima, isiyopakwa kitu.

Sasa njia ya mkato. Mama mmoja wa Tukuyu alihisi daraja limeinuka kidogo. Akaona nauli ya kuja Mbeya ya nini, akaenda kwa mtu wa jirani akalisaga kwa mashine dakika chache, basi. Alipofika kwetu, ukipitisha ukucha juu ya kauri unakwama kwenye mikwaruzo. Ufa ulianzia hapohapo ukafika ukingoni, na jino la juu linalokutana nalo lilikuwa limeshalika. Kauri ikipunguzwa lazima ing'arishwe upya kwa raba zake, hatua kwa hatua, baada ya kupima kwa karatasi ya rangi inapogusa. Kwetu marekebisho hayo ni bure. Daraja jipya alilipia, na tuliumia kumwambia hivyo.

Wapo pia wanaosaga meno usiku kucha lakini kinga ya kulalia wanaiita mbinu ya kuwaongezea bili. Tafadhali, ichukueni.

Kuhusu bei: daraja tunalifunga kwa skrubu kila inapowezekana. Ni ghali kuliko kugandisha kwa gundi, lakini likimeguka tunalifungua na kulipeleka maabara bila kulikata. Tena gundi ikibaki chini ya fizi huleta uvimbe unaokula mfupa ulioshika kipandikizi.

Ukihisi limeinuka, piga simu siku hiyohiyo. Wa Tunduma na Makete mtuambie mapema, tuwaweke asubuhi muwahi gari la kurudi.