Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Tunamwandikia Nani?

Ndugu wanachama,

Mwaka huu swali moja limerudi mezani mara nyingi kuliko hata suala la ada: sisi tunaoandika vitabu na mazoezi kwa kujitolea, faida inamwendea nani?

Mnajua lilikoanzia. Mchapishaji mmoja alichukua mazoezi yetu ya hisabati, akayapanga upya na kuyauza kama kitabu chake, majina ya waandishi yameondolewa. Mlikasirika, nami nilikasirika. Hata hivyo, leseni ya Creative Commons (ruhusa ya wazi kwa yeyote kutumia kazi kwa masharti) tuliyoichagua wenyewe, inayotaka mwandishi atajwe na kazi itokanayo na yetu itolewe kwa masharti yale yale, hairuhusu kuficha majina lakini inaruhusu kuuza. Tulimwandikia kwa msingi huo. Kwa mujibu wa toleo la 4.0 la leseni hiyo, la mwaka 2013, anayevunja masharti hupoteza ruhusa papo hapo, na hurudishiwa akirekebisha kosa ndani ya siku 30 tangu aligundue. Alirekebisha. Majina sasa yamo, na leseni imechapwa ukurasa wa mbele.

Baadhi yenu mlitaka tuhamie leseni inayokataza biashara. Nilipinga, na ni haki yenu kujua kwa nini. Mchapishaji mkubwa katazo hilo halimtishi. Ana waandishi wake na wanasheria wake. Atakayeingiwa na hofu ni mwenye mashine ya kutoa nakala, anayewachapia kurasa zetu kwa malipo kidogo wanafunzi wasio na intaneti. Hataki kesi, kwa hiyo ataacha, na mwanafunzi wake atakosa. Tena Wikipedia haipokei kazi zenye katazo hilo, hivyo michoro yetu ya baiolojia, ambayo wengine wanaiboresha kila siku, ingefungiwa nje.

Jambo lililoniuma zaidi mwaka huu, lakini, ni kosa letu wenyewe. Mwalimu mmoja wa fizikia aliniandikia kwamba alichapa upya sura nzima ya nguvu na mwendo, neno kwa neno, ili tu abadilishe mifano minne ambayo wanafunzi wake hawakuielewa. Tulikuwa tumempa faili la PDF, ambalo ni rahisi kusoma lakini gumu kuhariri. Pendekezo la UNESCO la mwaka 2019 linasema nyenzo huria za elimu ni zile ambazo mtu anaruhusiwa kuzipata bila malipo, kuzitumia tena, kuzirekebisha na kuzisambaza. Kwa maneno tulimpa ruhusa ya kurekebisha, kwa vitendo tukamnyima njia. Kumbe ndiye tuliyemkusudia hasa! Mwanafunzi hunufaika kwa kutolipa, na hilo si dogo, ila mwalimu anayeweza kubadili somo lifanane na darasa lake hunufaisha kila mwanafunzi atakayepita mbele yake. Kamati imeamua kuwa kuanzia sasa hakuna kitabu kitakachotoka bila faili lake la kuharirika.

Waandishi nao hunufaika, ingawa tunaona haya kulisema. Wanachama waliojiunga na rasimu dhaifu, zikarudishwa na wahariri mara tatu, mara nne, leo wanaandika vizuri kuliko mimi. Hakuna semina ingewafundisha hivyo.

Wasionufaika ni wahakiki na wafasiri. Wanafanya kazi usiku, baada ya kazi zao za kutwa, na majina yao hayaonekani popote. Mzigo huo umebebwa na watu wachache mno, na wawili kati yao wameomba kupumzika. Sikuwalaumu. Ninapendekeza mpitishe leo kwamba jina la mhakiki na la mfasiri lichapwe pamoja na la mwandishi, katika vitabu vipya na vya zamani vikirudiwa, na kwamba mtu asihakiki vitabu viwili mfululizo bila mwenzake wa kumsaidia.

Habari za fedha atazieleza mweka hazina. Hakuna la kushtua.

Kitabu cha kemia kimekwama katika sura ya tano kwa kukosa wahakiki. Walio tayari, hata kwa sura moja, wampe katibu majina yao kabla ya kikao kuahirishwa.

Mwenyekiti