Barua kwa Juma kuhusu ile kadi

Minneapolis, Minnesota
Jumapili, 9 Februari 2025

Mdogo wangu Juma,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi ni mzima, baridi ni ileile, na kazi naimudu. Ujumbe wako wa Alhamisi nimeupata. Ule wa sauti nimeusikiliza mara mbili, kisha nikaona nisikujibu kwa simu, kwa sababu kwenye simu tutagombana, utakata, halafu utakwenda kumwambia Shangazi Rehema kwamba dada amebadilika tangu alipokwenda Marekani. Kwa hiyo nakuandikia. Kurasa hizi zisome peke yako kwanza, na Mama umsomee salamu tu.

Nianze na lililoniudhi zaidi, ambalo wala si pesa. Siku benki ilipokupa kadi ya mkopo uliiweka juu ya kitambaa cha meza cha Mama, kile cha maua mekundu, ukaipiga picha mbele na nyuma, ukaituma kwenye kundi la familia. Juma, kundi lile lina watu 43. Tarakimu zote 16 zilisomeka, tarehe ya mwisho ilisomeka, na zile tarakimu 3 za nyuma zilisomeka kuliko hata jina lako. Mwenye hizo hahitaji kuishika kadi ili anunue kitu kwenye intaneti. Watu wakakutumia vigelegele na mikono ya dua, na Athumani, tunayemjua sote, akawa wa kwanza kuuliza kikomo chake ni kiasi gani. Nilikuandikia faraghani uifute picha ile na uiombe benki ikubadilishie kadi. Ulifuta picha, kadi hukubadilisha. Kesho asubuhi, kabla hujapanda matatu, wapigie. Nambari ya kupiga imeandikwa nyuma ya kadi yenyewe.

Sasa tuje kwenye hesabu. Taarifa uliyonitumia imefungwa tarehe 18 Januari, nayo inasema unadaiwa shilingi 120,000, ukiacha ada: makochi 58,000, televisheni 32,000, na 30,000 ulizotoa taslimu kwenye mashine ya pesa. Chini yake pameandikwa kiwango cha chini cha kulipa, shilingi 6,000, nawe ukaniambia kwa furaha kwamba hizo utazimudu kila mwezi bila taabu, ila unataka mimi nikusaidie “kupumua kidogo” kwa sababu ya Njaanuari. Nimekaa mezani na kikokotoo. Riba yako ni asilimia 3.5, nawe umeisoma kama asilimia 3.5 za kawaida, lakini hiyo ni ya mwezi, si ya mwaka. Kwa shilingi 120,000 ni shilingi 4,200 mwezi wa kwanza. Katika zile 6,000 zako, basi, deni litakalopungua ni 1,800 tu. Ukiendelea kutoa 6,000 kila mwezi bila kununua hata kiberiti kwa kadi hiyo, utamaliza baada ya miezi 35, ukiwa umelipa takriban shilingi 210,000. Makochi hayo wakati huo yatakuwa yamekwisha chakaa, na huenda mtoto ameshayachora kwa kalamu.

Kiwango cha chini kimewekwa kwa ajili ya benki, isikuhesabu kuwa umekiuka mkataba. Hakikuwekwa ili umalize deni. Huku sheria ya mwaka 2009 iliwalazimisha wanaotoa kadi kuweka kisanduku kidogo kwenye kila taarifa, kinachosema ukilipa kiwango cha chini peke yake utachukua muda gani na utalipa jumla ya kiasi gani. Mimi nilikifahamu kisanduku hicho kwa njia ambayo sijawahi kumwambia mtu nyumbani, nawe nakuambia leo kwa sababu umeniita bahili.

Baba alipofariki mwaka 2016, maziko sikuyawahi, unajua, lakini arobaini niliwahi. Tiketi ile niliinunua kwa kadi. Mlikuja kunipokea Jomo Kenyatta, Mama akalia, Mjomba akasema mtoto wa ughaibuni hakosi nauli, na mimi nikanyamaza. Niliporudi nilikuta deni la dola 2,140 na tarehe ya kulipa imepita kwa siku 30 na ushei. Kisanduku kilisema kwa kiwango cha chini ningemaliza baada ya miaka 9, nikiwa nimelipa zaidi ya dola 4,500. Nilikitazama kisanduku hicho nikiwa nimesimama jikoni na koti langu sijalivua. Deni lenyewe nililimaliza kwa miezi 14, kwa namna ambazo si lazima nizieleze, lakini ule ucheleweshaji uliandikwa kwenye rekodi yangu ya mikopo, na huku doa la namna hiyo hukaa miaka 7. Lilifutika mwaka 2023. Kwa miaka yote hiyo, kila nilipoomba kupanga nyumba au kununua gari kwa mkopo, mtu fulani nyuma ya dawati alisoma kwamba mimi huchelewa kulipa.

Leo alama zangu za mikopo, zinazopima ninavyolipa madeni, ni 812, na kipimo chenyewe huanzia 300 na kuishia 850. Niruhusu nijisifu kidogo, maana huku hakuna wa kunipigia vigelegele. Nilipofika mwaka 2014 sikuwa na alama hata moja. Mkopo wa SACCO niliokuwa nimeulipa wote Nairobi, bila kukosa mwezi, haukuhesabiwa kitu. Jina TransUnion, kampuni inayotunza rekodi za mikopo, utalikuta huko na utalikuta huku, lakini daftari zao hazisomani. Nilianza kwa kadi ya amana: unaiwekea benki dola 300 zako mwenyewe, nao wanakupa kadi yenye kikomo cha dola hizohizo 300, kama mtoto anayepewa kisu butu kwanza. Nilikuwa nikinunulia majani ya chai na unga, nalipa zote, nanyamaza. Sehemu kubwa kuliko zote ya alama hizo, asilimia 35, ni kulipa kwa wakati, na asilimia 30 ni kiasi unachodaiwa, hasa ukilinganisha na kikomo chako. Ndiyo maana mtu mwenye kikomo cha 150,000 anayekaa na deni la 120,000, kama mtu fulani, huonekana anazama hata kama halali njaa.

Najua utaniambia kwamba nawe umezoea Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, na hujawahi kushindwa kuilipa. Ndugu yangu, Fuliza hujilipa yenyewe. Pesa ikiingia tu kwenye simu, hukatwa kabla hujaiona, ukalalamika, mambo yakaisha. Kadi haifanyi hivyo. Kadi hukaa kwenye pochi kwa adabu zake, haikupigii kelele, na mshahara ukiingia utauona wote uko pale kama mali yako, ilhali 58,000 zake ni makochi. Kwa mtu anayesahau, na wewe tangu darasa la pili ulikuwa ukisahau sweta shuleni, utaratibu huo una hatari yake. Mwambie karani wa benki akupangie malipo yajikate yenyewe kwenye akaunti yako ya mshahara, tena yakate deni lote, siyo kiwango cha chini, maana fomu zao mara nyingi huwa zimeshawekewa alama kwenye kiwango cha chini.

Sisemi kadi ni mbaya. Ukiijua tarehe yake, inakufaa. Taarifa yako hufungwa tarehe 18 na mwisho wa kulipa ni tarehe 12 ya mwezi unaofuata. Uliyonunua tarehe 17 Januari unatakiwa uyalipe baada ya siku 26. Kama ungengoja hadi tarehe 19, yangeingia kwenye taarifa ya Februari, ukalipa tarehe 12 Machi, yaani siku 52 bila hata senti ya riba. Tofauti ni siku mbili tu. Lakini neema hiyo ni ya mtu aliyelipa deni lote la mwezi uliopita. Ukibakiza, kwa kawaida hata mkate utakaonunua kesho huanza kuhesabiwa riba kesho hiyohiyo, na hilo ndilo jambo ambalo yule kijana wa benki aliyekufuata ofisini na kalamu yenye nembo hakukuambia.

Na sasa zile 30,000. Hapa ndipo nilipoiweka simu chini nikatembea chumbani. Pesa taslimu kutoka kadi ya mkopo hazina siku 52 wala siku 2. Ulikatwa ada ya 1,500 palepale, na riba ikaanza siku hiyohiyo. Nilipokuuliza zilikuwa za nini ukasema ni za “mambo ya kwa kina Salma.” Juma, umetoa mahari kwa riba. Marehemu Baba, aliyekataa mkopo wa benki wakati paa la nyumba ya Pumwani lilipokuwa linavuja hadi kwenye sufuria, angesema nini? Mama hata hiyo kadi yenyewe haipendi, maana anasema ukitia saini mkataba wenye riba ndani yake umeshaikubali, hata kama unakusudia kutoilipa kamwe. Mimi nimekaa na hoja hiyo miaka kumi na sijaishinda. Nalipa zote kabla ya tarehe, namwomba Mungu anisamehe lililobaki. Lakini baina ya hilo na mahari kuna umbali, na hata wewe unaujua, ndiyo maana ulimnong’onezea Salma asiseme.

Kuhusu ombi lako la pili, kwamba nikupe nambari ya kadi yangu ulipie ukumbi, au nikutolee kadi ya ziada kwenye akaunti yangu: hapana. Kadi ya ziada ina jina lako, lakini deni ni langu. Ukichelewa wewe, ninayeandikwa ni mimi, na zile 812 nilizokusimulia zitateremka huku ninyi mnakula pilau.

Na hapa lazima nikiri kosa langu. Shangazi Rehema anatangaza kwamba nina kadi isiyokwisha pesa, na nakumbuka vizuri alikolipata hilo. Ni Desemba 2023, pale Eastleigh, tulipokuwa watu 19 na sahani za mbuzi hazikomi kuja. Mhudumu alileta mashine, ikaniuliza nilipe kwa dola au kwa shilingi, nikachagua shilingi, kwa sababu ukichagua dola wao ndio wanaokupangia bei ya kubadilisha, na bei hiyo haijawahi kumpendelea mgeni. Nikaigusisha kadi, ikalia pi, shilingi 47,300 zikaondoka. Sote tukacheka. Athumani akasema “dada ni benki,” nami badala ya kumkanusha nikairudisha kadi kwenye pochi polepole, ili ionekane. Nilipenda kuonekana. Hamkuona zamu mbili za usiku nilizoongeza Januari ili nizirudishe zile dola 300 na ushei kabla ya tarehe. Tiketi yenyewe ya safari ile, nusu yake nililipa kwa pointi za kadi, na hilo pia nilijigamba nalo bila kuwaeleza kwamba pointi hukusanywa na mtu asiyelipa riba. Anayelipa riba, pointi zake ni kama kurudishiwa kifuniko cha sufuria aliyoibiwa.

Nitakalofanya ni hili. Ijumaa nitakutumia kwa M-Pesa shilingi 31,500, yaani zile 30,000 pamoja na ada yake. Ziingize siku hiyohiyo kwenye kadi kupitia paybili ya benki, zisilale kwenye simu. Hizo ni za mahari, nazitoa kama zawadi yangu ya nikaha yako, na sitaki kurudishiwa wala kutajwa. Zile 90,000 za makochi na televisheni ni zako. Ukitoa 15,000 kila mwezi utamaliza kwa miezi 7. Najua 15,000 ni nyingi kwa mshahara wako, lakini king’amuzi cha mechi unaweza kukisimamisha, na Ramadhani hii inayokuja hakuna atakayekuuliza kwa nini huli chakula cha mchana mjini. Kadi uiache kwenye kabati la Mama, chini ya kanga zake. Ukiitaka itabidi umweleze ni ya nini, na kwa Mama hakuna kiwango cha chini.

Tarehe 19 ya mwezi huu nipigie picha ya taarifa mpya, ukifunika nambari kwa kidole, nami nikufanyie hesabu upya. Tuma kwangu peke yangu.

Msalimie Salma. Mwambie Mama dirisha la jikoni hapa limefunikwa na theluji hadi katikati, na jana nilipika mahamri yakagoma kuumuka kwa sababu ya baridi, nikala hivyohivyo. Na hayo makochi, pamoja na yote niliyokusema, nipigie picha niyaone. Mmenieleza bei yake, mahali yalikonunuliwa na jinsi yalivyopandishwa ngazi, lakini hadi leo hakuna aliyeniambia ni ya rangi gani.

Dada yako,
Zuhura